Nyumba Imfuate Mtu: Mbinu za Kupanga Makazi na Msaada Pwani ya Mtwara

Kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na ukiingia bonde la Ruvuma, hutakosa kuona nyumba ya bati iliyojengwa kwa fedha za mtoto aliyeko Dar es Salaam huku mama aliyejengewa akiendelea kulala jikoni. Watu humwita mkaidi. Ukichunguza, nyumba mpya haina dari, na mchana bati linawaka. Mlangoni kuna ngazi tatu zisizo na cha kushikia. Choo kiko nyuma kabisa, gizani. Jikoni kuna ubaridi wa makuti, sakafu iko sawa na uwanja, na akiita usiku jirani anasikia. Fundi hakuiba wala mtoto hakufanya ubahili. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mama anaishije.

Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji, sawa. Kwa nyumba, kitanda, choo na mtu wa kumhudumia, mgonjwa huulizwa, mzee huulizwa, na mwenye ulemavu huulizwa kabla fundi hajashika pimamaji. Makala haya ni kwa anayetuma fedha, anayebaki kijijini kuhudumia, na mjumbe wa kamati anayepewa orodha ya kaya za kusaidiwa.

Kusini tunajua gharama ya kupanga makazi kwa kipimo kimoja. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishiwa kwenye safu za nyumba kandokando ya barabara. Wapo waliosogezewa shule na zahanati, na wapo walioachishwa mikorosho yao mbali, ikaota msitu. Mavuno ya korosho nchini yalikuwa yamefika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74; kufikia msimu wa 1986/87 yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, lakini umbali kati ya nyumba na shamba ni miongoni mwa sababu zinazotajwa daima. Kinachotokea kwa mkoa hutokea pia kwa mtu mmoja: ukimhamisha bila kujua riziki yake iko wapi, umempa paa na kumnyang'anya chakula.

1. Shinda naye kutwa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kuulizia bei ya bati, shinda na mhusika tangu anapoamka hadi anapolala, ukimtazama anavyofanya mambo yake. Kisha muulize, kwa heshima na bila haraka:

- "Bibi, usiku ukitaka kwenda msalani unapitia wapi?" Hapa utajua umbali, giza na mahali anapojikwaa.
- "Maji unayapata kwa nani?" Huenda anategemea mtoto wa jirani ambaye mwakani atakwenda sekondari ya bweni.
- "Ukianguka, nani atakusikia?"
- "Kazi gani hutaki mtu akufanyie?" Wapo wanaotaka kupika wenyewe hadi mwisho. Wengine hawataki kufuliwa nguo za ndani na mkwe.
- "Saa ngapi mwili unakuuma zaidi?"
- "Jambo gani moja likibadilika, ungelala vizuri?"

Jibu la swali la mwisho mara nyingi hushangaza. Unakuja na fikra ya vyumba vitatu, naye anataka mlango unaofungwa kwa ndani.

Zungumza naye bila ndugu kujaa pembeni, maana mbele ya mwanawe mzee atasema kila kitu ni kizuri. Mwanamke aulizwe na mwanamke. Kiziwi aulizwe kupitia mtu anayezijua ishara zake, awe hata mtoto wa nyumbani. Mwenye ugonjwa wa akili aulizwe siku akiwa ametulia, na jibu lake liheshimiwe hata siku akichafukwa.

Mkimaliza, chukua daftari na uchore safu tatu: anachoweza mwenyewe, anachoweza akisaidiwa kidogo, na kinachomshinda kabisa. Fedha ya ujenzi iende kwanza safu ya pili. Hapo ndipo fimbo moja, kamba moja au kiti kimoja humrudishia mtu kazi aliyokuwa ameiacha.

2. Ujue uwanja ni wa nani

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa kusini kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na waume wengi walihamia kwao mke. Leo mambo yamechanganyika, lakini msibani hesabu ya zamani huamka. Mgane mzee anaweza kujikuta amejenga nyumba ya tofali kwenye uwanja wa ukoo wa marehemu mkewe. Mjane aliyeolewa mbali naye anaweza kuambiwa na shemeji kwamba muda wake umekwisha.

Kwa hiyo kabla ya msingi, wakutanishe wahusika: mjomba au mkubwa wa ukoo, watoto, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe na mashahidi, nakala ibaki ofisi ya kijiji. Kilicho bora zaidi ni Hatimiliki ya Kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ambayo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Mkikwama, watafuteni wasaidizi wa kisheria. Kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kwa mpangaji wa mjini, tuseme kijana mwenye ulemavu anayechukua chumba Chikongola au Magomeni, karatasi ni muhimu vilevile. Aandikiane na mwenye nyumba ni marekebisho gani ataruhusiwa kufanya, nani atayalipia, na akihama ataondoka na nini. Yakamilishwe kabla hajatoa kodi ya miezi sita.

3. Rekebisha kabla ya kujenga upya

Nyumba aliyoizoea ina majirani, msikiti au kanisa, na mwembe wa kupunga upepo. Kuihama kuwe hatua ya mwisho. Haya ndiyo marekebisho yanayoleta nafuu kubwa kwa gharama ndogo, kwa kadiri ya hali ya mtu.

*Mzee mwenye magoti mabovu.* Kitanda kiwe kimo ambacho akikaa ukingoni, nyayo zinakanyaga sakafu na magoti yanakunjika vizuri. Kwa wengi ni kama sentimita 45 hadi 50. Kitanda cha kamba kilicholegea kikazwe upya, kwa sababu kunyanyuka kutoka kwenye bonde la kamba ndiko kunakoangusha wengi. Chooni, seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kimo hichohicho, kikae juu ya shimo na kiweze kutolewa kuoshwa. Pembeni uchimbiwe mti imara wa kushikia, kimo cha kiuno.

*Anayetumia kiti mwendo.* Mlango uwe na upenyo wa sentimita 80 au zaidi, 90 ukiweza. Ndani ibaki nafasi ya mita moja na nusu ya kugeuzia. Njia ya mteremko iwe na urefu mara 12 ya kimo cha kupanda: kizingiti cha sentimita 30 kinadai mteremko wa mita 3.6. Mafundi wengi huufupisha ili kuokoa saruji, na matokeo yake kiti kinabinuka kwa nyuma. Ikiwa uwanja hautoshi, shusha kimo cha sakafu mlangoni au pitisha mteremko ubavuni mwa nyumba. Kwa mchanga wa Msimbati, magurudumu madogo ya mbele huzama. Mtafutie kiti chenye matairi mapana au baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Njia ya chooni na kisimani itandikwe makumbi ya nazi, yamwagiwe udongo mwekundu na kushindiliwa; yakilika, yanaongezwa mengine.

*Asiyeona.* Funga kamba ya katani kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, nyingine hadi jikoni, kwa kimo cha mkono unaoning'inia. Mafundo mawili yawe ya chooni, fundo moja jikoni. Kisha toa agizo kwa nyumba nzima: hakuna kuhamisha kinu, ndoo wala kigoda bila kumwambia. Agizo hilo halina gharama na ndilo linalovunjwa kila siku.

*Mwenye ualbino.* Jua ndilo adui, hasa jua linalorudishwa na mchanga mweupe na maji ya bahari. Baraza pana upande wa magharibi, jiko lenye paa na mahali pa kivuli pa kufanyia kazi vitamkinga zaidi ya chumba cha ziada. Mafuta ya kukinga jua na miwani vihesabiwe kwenye bajeti ya kila mwezi kama unga. Kazi ya kubangua korosho kivulini inamfaa kuliko kuokota shambani saa sita.

*Mwenye kifafa.* Hatari yake kubwa ni moto na maji. Mafiga matatu chini yabadilishwe kwa jiko la udongo lililoinuliwa na kuzungushiwa ukuta mfupi. Kisima kifunikwe. Kitanda kiwe kifupi, mbali na kona za tofali. Na asiende kuvua peke yake, hata kama ni kokota ya karibu na ufuo.

4. Ukilazimika kujenga

Kalenda ya kusini ina mtego wake. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba kupitia minada ya stakabadhi ghalani. Yaani mifuko inajaa wakati anga linafunga. Wengi hukimbilia kujenga Desemba, wakapiga ukuta usiokauka na paa lisilokamilika. Fanya hivi: fedha ikiingia, nunua bati, misumari na mbao, uvihifadhi pakavu. Saruji usiilimbikize, kwani hewa ya pwani huigandisha mfukoni. Msingi na ukuta vianze Juni, paa lipande Agosti, na kufikia mnada wa kwanza mtu awe ameshalala ndani.

Hewa ya chumvi hula bati jembamba. Kumbuka kwamba kwenye geji, namba ndogo ndiyo nene: geji 28 hudumu kuliko 30. Chini ya bati weka dari, hata ya mikeka au mianzi, na uache matundu ya kutolea joto juu ya ukuta. Funga mfereji wa maji ya mvua upande mmoja, umwage kwenye tangi, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina chumvi na juu ya uwanda wa Makonde maji yako mbali. Bomba la tangi liwe kimo ambacho ndoo inajaa bila mzee kuinama.

Miti ya mikoko usiikate kienyeji. Eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, lina masharti yake, na mikoko kokote inahitaji kibali. Mivinje na mianzi hufanya kazi nzuri kwenye fito na kenchi. Ncha zinazoingia ardhini zipakwe mafuta ya maganda ya korosho kuzuia mchwa. Anayepaka avae glavu, maana yanaunguza ngozi.

Bondeni, kwenye vijiji vinavyolima mpunga kama Kitaya na Mahurunga, uliza mto ulifika wapi miaka ya mafuriko na ujenge juu ya alama hiyo. Dungu la kulindia mpunga ni kazi nzuri ya fundi wa kwetu kwa kijana mwenye miguu, lakini mtu wa magongo hawezi kuparamia ngazi yake.

5. Msaada upangwe kwa saa na kwa msimu

"Tutakuwa tunamwangalia" si mpango. Andika ratiba ya siku kwa saa: nani anachota maji asubuhi, nani anampa dawa, nani anapita magharibi kuhakikisha mlango umefungwa. Kila kazi iwe na jina moja na jina la akiba. Msichana mmoja wa darasa la sita asibebeshwe vyote kwa sababu tu yuko nyumbani. Ratiba inayomtoa shule haiwezi kuitwa msaada.

Kisha tengeneza ratiba ya pili ya msimu. Wakati wa kuokota korosho, na wakati wa kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na tumbili, vijiji hubaki na wazee na watoto wadogo. Ndipo mtu asiyejiweza hulala njaa katikati ya majirani wema. Mpange mapema: abaki mmoja kwa zamu na wengine wamlimie kipande chake, au mzee ahamie kwa muda kwa binti aliye karibu, ikiwa mwenyewe ameridhia.

Epukeni pia masharti ya kumnyoosha mtu. "Akiacha pombe tutamjengea" ni maneno ya kawaida kwenye vikao vya ukoo. Mwaka 1992 huko New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing, lililowapa watu wa mitaani wenye ugonjwa wa akili na ulevi chumba kwanza, kisha huduma kwa kadiri walivyozihitaji. Wengi wao walibaki kwenye makazi yao. Finland ilichukua njia hiyo kama sera ya taifa kuanzia 2008. Hapa kwetu asiye na makazi haonekani barabarani. Yuko kwenye kibanda cha shambani au baraza la mtu. Kanuni ni ileile: mlango wake mwenyewe kwanza, mazungumzo ya pombe baadaye. Na mgonjwa wa akili asifungwe mnyororo kwenye mkorosho. Apelekwe hospitali, dawa zifuatiliwe, na kwenye ratiba awepo mtu wa kuzikumbusha.

6. Mlango upi ubishwe kwa jambo gani

Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea. Tanzania Bara haina pensheni ya wote, hivyo kila shida ina mlango wake:

- Kaya isiyo na kipato: mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Majina hutokana na mkutano wa kijiji, basi mtu asiyeweza kutembea awe na wa kumsemea siku hiyo.
- Matibabu ya mzee: sera inampa matibabu bila malipo mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Anahitaji kitambulisho; mtendaji na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuanzia, kabla hajaugua.
- Ulemavu: Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inatambua kamati hadi ngazi ya kijiji. Uliza kama kwenu ipo na nani wajumbe.
- Mtaji: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huu ni mkopo wa biashara. Usiuchukue kuezekea nyumba, kwa sababu bati halizalishi marejesho.
- Rufaa: kutoka zahanati, njia huelekea kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Andika mapema nauli inatoka wapi na nani atamsindikiza.

7. Siku ya upepo mkali

Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 wakazi wa pwani na mabondeni Mtwara walitakiwa kuhamia maeneo salama kabla ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Tangazo la namna hiyo humfaa mwenye miguu. Kwa wengine panga sasa: bodaboda au bajaji ya nani itambeba, ataingia jengo lipi, na kama choo cha hapo anakiweza. Mfuko mmoja uwe tayari na dawa, kitambulisho, kadi ya bima, tochi na kanga kavu. Asiyesikia redio wala kipaza sauti awe na mtu wa kwenda kumgusa bega. Mwaka kwa mwaka, kabla ya Novemba, kagua waya zinazofunga kenchi kwenye ukuta.

8. Rudi ukakague

Baada ya miezi mitatu fungua lile daftari tena. Mwili wa mtu haukai pale pale: aliyepata kiharusi huenda ameanza kusimama, na aliyekuwa akiona kidogo huenda ameacha kuona. Kwa kila kilichojengwa na kila zamu iliyopangwa, uliza kama anakitumia, kinamsumbua, au hakihitaji tena. Asichokitumia kitolewe, apewe mwingine kijijini anayekihitaji. Na akisema, "Mjukuu wangu, zamu ya asubuhi iacheni, nitachota mwenyewe," msimbishie. Punguzeni ndoo iwe ya lita 10, mwacheni achote, kisha andikeni kazi hiyo kwenye safu ya kwanza.